Ngazi ya Anayeanza

Asubuhi ile Ambakisye Mwasongwe alirushiwa mipira ishirini, akaipiga yote ishirini, na ukumbi mzima wa Nyumba ya Nyuzi ukainuka kumshangilia. Wenye miguu mizima walisimama, wasio nayo waligonga mikono ya viti vyao. Mtu mmoja tu hakuinuka. Huyo alikuwa mkewe, Tusekile, aliyekaa kwenye stuli nyuma yake karibu na kisanduku cha mtambo, ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Na kweli alikuwa anasali, ila sala yenyewe ilikuwa ya kuomba asiulizwe kitu.

Ukutani palikuwa na uwanja wa nyasi za kijani kuliko nyasi zozote za Mungu, na watu maelfu wenye kofia wakitafuna vitu kutoka kwenye mifuko ya karatasi. Mchezo wenyewe uliitwa besiboli. Ulikuwa mchezo wa watu wa mbali, na katika mji huu ulio chini ya Mlima Rungwe hakuna aliyewahi kuusikia kabla nyuzi hazijaletwa. Mrushaji, kijana wa picha mwenye shavu lililotuna, anarusha mpira. Mgonjwa ameshika rungu jepesi, anaupiga. Akiupata, mtu wake wa picha anakimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka anarudi pale pale alipoanzia.

"Yaani wanazunguka kote huko ili warudi walikotoka?" Ambakisye alikuwa ameuliza siku ya kwanza, ulimi bado mzito kwa kiharusi. "Si wangekaa tu?"

Lakini leo ulimi ulikuwa mwepesi.

"Baba Gwamaka!" aliita Mwalimu Sekela, mama wa makamo aliyefundisha hesabu mpaka siku alipoangukia ubaoni. "Huo wa mwisho umeupeleka wapi? Kyela?"

"Kyela karibu, mwalimu. Huo umevuka ziwa. Wapigie simu Malawi, waulize kama umefika salama."

Ukumbi ukacheka. Ambakisye akaugeukia ule umati wa ukutani, akainama kidogo kama bwana harusi. "Ndaga fijo," akawashukuru, na wale watu wa picha, wasiojua Kinyakyusa wala Kiswahili, wakazidi kupiga makofi kwa sababu ndiyo kazi waliyoumbiwa.

Kabla ya kutoka alijifunga mwenyewe vifungo vya koti. Vinne. Ilimchukua muda wa kuimba tenzi mbili, lakini alivifunga, na vidole vya mkono wa kulia vilimtii kimoja kimoja. Hivyo vidole viliamriwa na nyuzi arobaini, nyembamba kuliko utando wa buibui, zilizopitishwa ndani ya fuvu lake ili zivushe amri pale ambapo kiharusi kilibomoa daraja. Nyuzi hazikuwa zake. Alikuwa amepewa kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mgonjwa anakaa mbele ya ukuta kwa Kipimo: akipata mipira kumi na miwili katika ishirini, ni dalili kwamba ubongo umeshikamana na nyuzi, basi zinabaki kichwani mwake mpaka anazikwa nazo. Akikosa, zinatolewa siku hiyo hiyo, anapewa anayengoja. Majina ya wanaongoja yalibandikwa mlangoni, karatasi tatu, na kila aliyeingia ilibidi ayapite.

Zilibaki siku kumi.

*

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa nne, wiki ya Pasaka, mvua za huko zinaponyesha mpaka mbuzi wanachoka.

Siku hizo Ambakisye alikuwa anakosa. Alikosa mipira thelathini mfululizo siku ya Jumatano, na alipokosa wa thelathini na moja aliliachia rungu likaanguka, akageuza kiti akaelekea ukutani kwenye chokaa tupu. Nyumbani akakataa ugali. Alhamisi akakataa uji. Ijumaa Kuu, wakati watu wako kanisani, Tusekile alimkuta amelala chali anautazama mkono wake wa kulia uliojikunja kifuani, akauambia, taratibu, kama mtu anayemwambia mbwa mzee, "Na wewe bora ungekufa tu, mimi nikabaki."

Tusekile alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka thelathini na minne. Alimjua akiwa seremala ambaye watu walitoka mbali kama Mwakaleli kumfuata. Alimjua kwa ukali wake pia. Kuna mwaka kanisa lilitengenezewa kabati la vitabu na fundi mwingine, kabati linang'aa kama kioo. Ambakisye alipitisha kucha kwenye maungio, akasimama, akapitisha tena. Nyufa zilikuwa zimezibwa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, zikapigwa msasa, zikapakwa rangi. Akaenda kuchukua nyundo, akalibomoa lile kabati mbele ya wazee wa kanisa wamekaa. "Ufa wa namna hii hauonekani," aliwaambia, "mpaka siku kabati limebeba mzigo." Hawakusemezana na yule fundi mpaka yule fundi alipofariki.

Sasa mtu huyo alikuwa anauombea kifo mkono wake mwenyewe.

Jumatatu ya Pasaka walirudi Nyumba ya Nyuzi. Wande, binti wa Kisukuma aliyekuwa mtaalamu wa mitambo, peke yake kwa wagonjwa arobaini, alikuwa amemfundisha Tusekile mambo machache ili asimwite kila mara. Kwenye kisanduku kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, mfano wa kile cha kupandishia sauti ya redio. Kilikuwa na ngazi tatu: Anayeanza, Mzoefu, Bingwa. "Siku ana homa, mama, unamshusha ngazi moja," Wande alikuwa amemwambia. "Homa ikipoa, unamrudisha."

Homa haikuwepo. Tusekile alikizungusha kitufe kutoka Mzoefu mpaka Anayeanza. Hakusema neno. Baadaye, alipokuwa akijihoji mbele za Mungu, hilo ndilo alilolishika: hakusema neno lolote la uongo, alizungusha tu kitufe.

Mpira wa kwanza ukaja polepole, umenyooka kama ulivyotumwa. Rungu la Ambakisye lilipita upande, si mbali, kama shubiri moja. Na mpira ukalia pa! ukapaa.

Ambakisye alilitazama rungu. Akamtazama mkewe. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwezi wa kumi na moja, akacheka.

Jioni hiyo alikula ugali wake wote na mboga ya kisahani cha mkewe. Wewe ungekirudisha kitufe?

*

Aliyemfumania ni Bupe, binti yake Mwalimu Sekela.

Bupe hakupendwa sana pale ukumbini. Mama yake alikuwa analia karibu kila asubuhi mbele ya ukuta, na Bupe alisimama nyuma yake mikono kifuani akisema, "Tena. Mama, tena. Bado kumi." Akina mama waliokuwa wakiuguza walinong'ona kwamba mtoto huyu hana huruma, kwamba amesahau ni nani aliyemnyonyesha. Tusekile naye alinong'ona. Siku moja alimletea Mwalimu Sekela ndizi za kuchoma kwa makusudi, ili Bupe aone jinsi mgonjwa anavyotunzwa.

Basi asubuhi ile ya mipira ishirini, baada ya vicheko vya Malawi, Bupe alikuja kuazima kitambaa cha kufutia miwani. Akainama kwenye kisanduku. Akabaki ameinama.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mbona hapa pako kwa Anayeanza?"

"Alikuwa na homa."

"Lini?"

Tusekile akasogeza stuli kukiziba kisanduku.

"Mama, lini?"

"Punguza sauti, mwanangu. Mzee anasikia."

Bupe akapiga magoti kando ya stuli, kama mtu anayeokota kitu. Karibu hivyo, Tusekile aliona kwamba macho ya binti yule yalikuwa yamevimba, kwamba naye alikuwa analia, ila kwake, si hapa. "Umekiweka hapo miezi yote hii? Anajua?"

"Nitakirudisha siku ya Kipimo ikikaribia. Au nitakiacha hapo hapo. Mtambo si ni huu huu mmoja? Kitufe si ni hiki hiki?"

"Mama yangu mzazi analia kila siku," akasema Bupe, "na mimi wananiita shetani. Lakini wazee walisema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mwite Wande. Mwite sasa hivi."

Wande alikuja na mafaili yake kwapani. Alisikiliza, akakiangalia kitufe, akayaweka mafaili sakafuni. Walitoka nje kwenye veranda, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua, na huko nje mashine za kuchumia chai zilikuwa zinapita kwenye mashamba kwa mikono yao sita sita, hazina haraka.

"Mama, nisikilize vizuri," Wande alisema. "Mchezo huu zamani ulikuwa wa vijana, wa kujifurahisha. Waliotengeneza nyuzi waliuchukua mzima mzima, kwa sababu kupiga mpira ule kunahitaji jicho, uamuzi, mkono na kiuno kwa kufumba na kufumbua. Lakini ndani yake kuna michezo mitatu. Kuna Mazoezi, kuna Msimu, kuna Kipimo. Ugumu wa mmoja haufuati kwenye mwingine. Kila mmoja una wake."

"Lakini kitufe…"

"Kitufe ni cha Mazoezi peke yake. Kule ni wewe unayepanga. Ukiweka Anayeanza, mpira unakuja taratibu, na si hivyo tu, mtambo unamsamehe. Rungu likipita umbali wa shubiri, unahesabu amepiga." Wande akainua kidole cha pili. "Kwenye Msimu hakuna anayepanga, mtambo wenyewe unampima. Akipiga, unamkazia kidogo. Akikosa, unamlegezea kidogo. Haumwambii. Unamweka siku zote pale anapokosa nusu. Nilisema kila Ijumaa acheze Msimu."

Tusekile aliikumbuka Ijumaa ile ya kwanza, na ndiyo ya mwisho. Ambakisye alipiga mitatu, wa nne ukaja umepinda kama nyoka, akakosa, akakosa, halafu ikawa laini tena. Tusekile aliona mtambo umeharibika. Redio yao nyumbani ilifanya hivyo hivyo, sauti inapanda inashuka yenyewe, mpaka ikafa. Tangu siku hiyo alichagua Mazoezi, kwa kuwa upande ule haukuwa mbovu.

"Na Kipimo?"

"Kipimo hakina kitufe wala hakimlegezei mtu. Mpira ni ule ule kwa kila mgonjwa, hapa na kwingine kote. Hata majina, mama, yanadanganya. Mpira wa Kipimo ni mkali kuliko Mzoefu wa Mazoezi. Mtu aliyezoea Mzoefu kule anaanza kukosa, ila ubongo wake umeshajifunza kukosa, unajirekebisha. Ubongo unashikamana na nyuzi pale unapokosa na kutafuta. Usipokosa, hautafuti." Akapapasa kwapani kutafuta mafaili aliyoyaacha ndani. "Mimi kwenye kompyuta yangu naona idadi tu: kapiga ishirini, kapiga ishirini. Nikasema huyu mzee kapona, niwahi kwa wengine. Na mimi nina kosa langu."

"Siku ya Kipimo inaweza kusogezwa?"

"Inapangwa huko juu, siyo hapa. Mwambie, mama. Kuanzia kesho ni siku tisa, si haba. Mwambie ukweli, umpandishe, akosee macho yakiwa wazi. Huenda akapata hata hiyo kumi na miwili."

"Na asipoipata?"

Bupe, aliyesimama mlangoni, akaangalia pembeni. Nyuma yake zile karatasi tatu za majina zilipepea kidogo.

*

Kesho yake Tusekile aliamka kabla ya jogoo, akapiga magoti, akaomba maneno. Alipewa maneno. Alikuwa nayo mdomoni, yamepangika, alipoingia uani akamkuta mumewe ameketi juu ya gogo ananoa patasi.

Kwa mkono wa kulia. Alikuwa ameishikilia pembeni kidogo, jiwe linateleza, lakini ananoa.

"Nimemwambia mchungaji," Ambakisye alisema bila kuinua macho. "Baada ya Kipimo natengeneza mimbari mpya. Ile ya sasa inayumba, mtu anahubiri habari za mwamba wa kale huku amesimama kwenye mbao zinazolia." Akacheka. "Nilidhani nimekwisha, Mama Gwamaka. Nikwambie kweli? Mwezi wa nne nilikuwa nimeshachagua kamba."

Maneno yote aliyopewa Tusekile yakarudi tumboni.

Akaamua kupita katikati. Atakipandisha kitufe bila kusema, na mzee atazoea kidogo kidogo asijue. Walipofika ukumbini akakizungusha mpaka Mzoefu.

Mpira wa kwanza Ambakisye aliukosa. Akashangaa. Wa pili akaukosa. Wa tano akabadilisha namna ya kukaa, wa nane akavua koti. Mwalimu Sekela, aliyekuwa akifuta jasho kwenye kiti cha jirani, akamtania, "Leo Malawi watakosa wageni," na Ambakisye akalikaza rungu mkononi. Wa kumi ukapita. Akaliweka rungu mapajani. Kisha akauinua mkono wa kushoto, akajishika shavu, akajishika pembe ya mdomo, akamgeukia mkewe, na macho yake yalikuwa yale ya siku ile alipoanguka karakanani.

"Mama Gwamaka. Niangalie mdomo. Umepinda?"

"Haujapinda."

"Niangalie vizuri. Kimenirudia? Sema kweli, umepinda?"

Sema kweli. Aliombwa hivyo, kwa maneno hayo hayo, mchana kweupe, na mtu aliyeapa naye madhabahuni. Tusekile aliinama kwenye kisanduku kama anayetafuta miwani. Akakizungusha.

"Ni kizunguzungu tu, baba. Hukunywa chai. Jaribu mmoja wa mwisho."

Mpira ukaja polepole, umenyooka. Pa!

Ambakisye alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Kizunguzungu," akasema. "Kumbe."

Kwa siku nane zilizobaki hakukosa hata mmoja. Bupe alipopita karibu na stuli ile alitazama chini, kama mtu anavyopita penye msiba asioujua wenyewe.

*

Siku ya Kipimo Ambakisye alivaa shati jeupe la Meza ya Bwana na akajifunga mwenyewe vifungo. Aliruka tundu moja, kifungo cha tatu kikaingia tundu la nne, kola ikapanda upande. Tusekile alimsogelea akajifanya anampangusa vumbi begani, akavipanga upya haraka, yeye asione. Vidole vyake vilikuwa vimeshazoea.

Mwalimu Sekela alianza. Alikosa wa kwanza, wa pili na wa tatu, na ukumbi ukaguna kwa huruma. Bupe hakusema "tena", maana hapakuwa na tena. Wa nne akaugusa. Wa tano akaupiga chini. Alilia tangu mwanzo mpaka mwisho kama ilivyokuwa desturi yake, na huku analia akapata kumi na mitatu. Bupe alikaa sakafuni katikati ya ukumbi akafunika uso kwa kanga ya mama yake. Ambakisye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwendea mwalimu, akampa mkono wa kulia. "Umepita kwa machozi," alimwambia, "subiri uone mwanamume anavyopita kwa kicheko."

Akakaa. Akaliweka rungu begani.

Mpira ulipopita, rungu lilikuwa bado begani. Watu wakadhani hajajiandaa, na yeye akadhani hivyo. "Umekosa," mtambo ukasema kwa ile sauti yake ya upole. Wa pili aliufuata, ukapinda. Wa tatu. Wa nne. Hakuna aliyetania. Ilipofika wa saba shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Wa nane haukumshughulisha. Uliporushwa alikuwa ameshageuza kichwa, hatazami ukuta. Hakumtazama mkewe pia. Alikitazama kisanduku, taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama alivyopitisha kucha kwenye kabati la kanisa. Akafika kwenye kitufe. Taa yake ilikuwa imezimwa, maana ni siku ya Kipimo, lakini alama nyeupe ya kitufe ilionekana wazi imeelekezwa pale ilipolala miezi yote, na pembeni yake neno Anayeanza lilikuwa limefutika nusu kwa kuguswaguswa.

Ambakisye akarudisha uso ukutani. Alicheza mipira kumi na miwili iliyobaki, hakuacha hata mmoja, akairushia rungu yote kwa adabu. Alikosa yote.

"Sifuri," ukasema mtambo, na umati wa ukutani ukapiga makofi, kwa sababu ndiyo kazi yao.

*

Nyuzi zilipangwa kutolewa saa tisa alasiri. Jina la kwanza kwenye karatasi ya mlangoni lilikuwa limeshapigiwa simu. Wande aliwatoa watu ukumbini, akawaacha wawili hao peke yao, akasema atarudi.

Walikaa. Mvua ilianza ikaacha.

"Tangu lini?" Ambakisye aliuliza.

"Jumatatu ya Pasaka."

"Yote?"

"Yote, baba. Isipokuwa ile kumi ya siku ya kizunguzungu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na vipimo vya fundi mwenzake. "Na ule uliovuka ziwa?"

Tusekile akautazama ukuta wa nyasi za kijani. "Na huo."

"Kwa hiyo ulinisikia nikiongea na Malawi."

"Ulikuwa unakufa, Baba Gwamaka. Ulikuwa hauli. Uliniambia mwenyewe ulichagua kamba. Ningefanya nini? Nilikupenda, nikaona…"

"Nilikuuliza mdomo umepinda." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nilikuambia sema kweli. Siku hiyo zilikuwa zimebaki siku tisa, na mimi nina mikono miwili na kichwa kinachofikiri. Umeniziba kwa vumbi la mbao na gundi, Tusekile. Ukanipiga msasa."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto wao Gwamaka alipozaliwa.

"Weka Mazoezi," akasema. "Weka Mzoefu. Halafu toka hapo kwenye stuli, nenda kasimame mahali nitakapokuona mikono yako."

Akaweka. Akaenda kusimama mlangoni, penye majina, mikono mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha. Kijana wa picha mwenye shavu lililotuna akarusha.

Umekosa. Umekosa. Umekosa. Tusekile alihesabu mpaka ishirini, akaacha, maana mumewe hakuwa anahesabu. Alikuwa anatazama. Baada ya kila mpira alinyamaza kidogo, akasogeza kiwiko upana wa penseli, akasubiri mwingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipiga randa zamani: anapitisha, anachungulia, anapitisha. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tisa kasoro dakika tano.

Kisha palitokea mlio, mdogo, mkavu, tofauti na ile milio mikubwa ya miezi yote. Mpira ulikuwa umegusa ukingo wa rungu. Haukwenda mbele. Ulichomoka nyuma, ukapita juu ya kichwa cha mdakaji wa picha, ukaangukia kati ya watu wenye mifuko ya karatasi.

"Nje ya mstari," mtambo ukasema. "Hauhesabiki."

Ambakisye alibaki rungu likiwa hewani.

"Umeuona?" akasema. "Huo ni wangu."

"Nimeuona, baba."

"Huo peke yake. Ile mingine yote ulipiga wewe."

Mlango ukafunguliwa, Wande akaingia na sinia lililofunikwa kitambaa cha kijani, na nyuma yake, kwenye benchi la veranda, palikuwa na mzee mwingine mwenye mkono uliojikunja kifuani, na mwanamke kando yake anamfuta mate.

Haikuchukua muda. Walimfungua shati kwa ajili ya kusikiliza moyo, wakazivuta nyuzi moja moja, na kwa kila nyuzi nane kidole kimoja kililala. Cha mwisho kulala kilikuwa kile cha shahada. Rungu lilikuwa bado mkononi. Wande ndiye aliyelitoa, akalipeleka kwa mgonjwa mpya.

Tusekile alimsogelea kumfunga shati, kwa kuwa nje palikuwa na baridi ya mlima na ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Alishika kifungo cha kwanza. Ambakisye akauinua mkono wa kushoto, akaufunika ule mkono wa mkewe, akauondoa kifuani pake bila nguvu yoyote, akauweka pembeni kama mtu anayehamisha kikombe.

Akajaribu mwenyewe, kwa mkono mmoja. Kifungo kiliponyoka. Akajaribu tena, kikaponyoka. Yule mwanamke wa benchini aliwatazama, kisha akamtazama Tusekile kwa jicho la kumlaumu, kama wanavyotazamwa wanawake wasio na huruma. Tusekile alisimama mikono yake ikiwa wazi, na mumewe akajaribu mara ya tatu.